Mmejiita wakfu: barua ya wazi kutoka Amu (mji wa Lamu) kwa wanaofadhili watetezi wa mashinani

Kwa wakurugenzi, wajumbe wa bodi na maafisa wa ruzuku wa mifuko inayofadhili watetezi wa haki katika pwani ya Kenya, mlioko Nairobi, London, New York na kwengineko.

Assalaam aleikum.

Mashirika yenu yakitajwa kwa Kiswahili huitwa wakfu. Huku kwetu neno hilo lina mwili. Ni duka sokoni, ni shamba la minazi, ni nyumba ya mawe mtaani ambayo kodi yake hutengeneza paa la msikiti na kumlipa mwalimu wa madrasa. Mwenye mali hutamka sharti lake mara moja mbele ya mashahidi, kisha mali imemtoka. Haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi. Msimamizi hudaiwa hesabu, na akila amana huondolewa. Lakini sharti halibadiliki kila mwaka, wala mwalimu haambiwi kwamba safari hii kodi itanunua mazulia peke yake na riziki yake aitafute kwengine.

Sisi tunaoandika ni makatibu na waweka hazina wa vikundi vinavyotetea ardhi, bahari na haki za watu katika Kaunti ya Lamu, kuanzia Kiunga hadi Witu. Ndio tunaojaza fomu zenu, tunaotunza vocha, tunaoandika kumbukumbu za mikutano. Hatuombi mtoe zaidi ya mlichokwisha kutenga. Tunasema kwamba fedha mlizotenga kwa ajili ya pwani zinatoka kwenu kwa namna ambayo zikifika huku hazifanyi kazi iliyokusudiwa, na tunaeleza zinakwama wapi na zifunguliwe vipi.

Tuanze na muda, maana hapo ndipo hasara ilipo kubwa. Novemba 2016 wakazi wa Lamu walikata rufaa mbele ya Jopo la Kitaifa la Mazingira kupinga leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe, megawati 1,050, kilichokusudiwa kujengwa Kwasasi. Leseni ilifutwa tarehe 26 Juni 2019, na sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mwenye mradi naye akakata rufaa, na Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi ikaja kuuthibitisha uamuzi ule Oktoba 2025. Ni karibu miaka tisa. Wavuvi waliopinga namna bandari mpya ya Lamu ilivyojengwa waliwasilisha ombi lao mwaka 2012, na hukumu ya Mahakama Kuu ikatoka mwaka 2018: fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi wapatao 4,600. Na hukumu si malipo. Nyuma yake huja rufaa, mazungumzo, na kazi ya kuhakiki majina kijiji kwa kijiji, nani alikuwa mvuvi kweli na nani kajiandikisha juzi.

Sasa wekeni ruzuku ya miezi 12 kando ya kesi ya miaka tisa. Mwezi wa kwanza na wa pili huenda katika kufungua mradi: mkataba, mafunzo ya namna ya kuripoti, kusubiri awamu ya kwanza ya fedha. Kuanzia mwezi wa tisa katibu anaacha vijiji na kukaa akiandika maombi mapya. Mwezi wa kumi na tatu fedha zimekwisha na jibu la ombi halijaja. Ofisi inafungwa, mafaili yanahamia chumbani kwa mtu, na yule aliyekuwa akijua kesi tangu mwanzo anarudi baharini au anakwenda Mombasa kutafuta kazi. Mwezi wa kumi na saba inakuja ruzuku mpya, nayo ina jina jingine. Mwaka jana ilikuwa mazingira, mwaka huu ni amani, mwakani vijana. Kikundi kinajifunza maneno mapya ili kifanye kazi ile ile, na jalada la kesi linakutwa lina pengo la miezi minne ambamo hakuna aliyeandika chochote. Wakili wa upande wa pili hakosi mshahara miezi hiyo minne.

Kwa hivyo ombi letu la kwanza ni miaka mitano, kwa jina la kikundi, bila kufungwa na shughuli moja. Hili linawezekana. Mwaka 2016 Wakfu wa Ford ulianzisha mpango wa BUILD, dola bilioni 1, uliotoa ruzuku za miaka mitano ambazo sehemu kubwa ilikuwa huru kutumika kwa mahitaji ya shirika lenyewe. Tatizo ni kwamba mipango ya aina hii huishia kwa mashirika yenye ofisi za ghorofa mjini. Sisi tunataka sharti lile lile kwa kiwango chetu.

Kiwango chetu ni hiki. Kikundi cha watu 10 hadi 30, chenye kesi moja na vijiji vitano vya kutembelea, kinaweza kusimama kwa shilingi 1,200,000 kwa mwaka. Katibu wa kulipwa, 25,000 kwa mwezi: 300,000. Chumba, simu na intaneti, 10,000 kwa mwezi: 120,000. Safari za boti, mabasi na malazi ya vikao vya mahakama: 360,000. Mikutano 12 ya vijiji, 15,000 kila mmoja: 180,000. Nakala, uchapaji na ada za mahakama: 60,000. Mtu wa hesabu wa kuja mara nne kwa mwaka kupitia vitabu: 60,000. Zilizobaki, 120,000, ni akiba, na juu ya akiba tutarudi. Kwa miaka mitano jumla ni shilingi 6,000,000. Kikundi chenye vijiji vya mbali zaidi kitahitaji fungu kubwa zaidi la safari. Kile cha Amu mjini kitahitaji dogo. Mengine hayabadiliki sana.

Fungu la safari ndilo maafisa wenu hulikata kwanza, kwa hiyo tulieleze. Shahidi wa Kizingitini aliyeitwa Malindi hupanda boti hadi Amu, kisha nyengine hadi Mokowe, halafu basi kupitia Witu na Garsen, zaidi ya kilomita 200. Kesi ikiwa saa tatu asubuhi, lazima alale Malindi usiku uliotangulia. Wakati wa kuzi, bahari ikichafuka, nahodha mwenye akili hatoki, basi shahidi huondoka siku mbili kabla ili asikose. Kuingia Siyu au Pate mjini kwa boti kunataka maji yajae, na saa za maji hazifuati saa za ofisi. Shahidi akifika mahakamani, kesi huweza kutajwa kwa dakika kumi na kuahirishwa. Siku nne zimekwenda, na hakuvua. Mwezi wa pili anaitwa tena. Bajeti yenu ilisema «usafiri wa mashahidi, safari moja». Tunapoomba safari ya pili tunajibiwa kwamba shughuli hiyo ilikwisha kulipiwa. Andikeni katika mkataba kwamba kila kikao kilichoahirishwa kinahesabiwa kuwa kikao kamili, na kwamba fungu la safari linaweza kuchukua kutoka fungu jengine hadi robo yake bila kuomba ruhusa. Sentensi hiyo moja ingeokoa mashahidi wengi ambao huacha kuja safari ya tatu.

Jambo la pili ni mikono ambayo fedha hupitia. Chukueni mfano wa hesabu tu. Mfuko umetoa shilingi 10,000,000 kwa ajili ya «watetezi wa pwani». Shirika la kimataifa linabakisha asilimia 15 za uendeshaji: 8,500,000 zimebaki. Shirika la Nairobi au Mombasa nalo asilimia 15: 7,225,000. Katika hizo kuna mshahara wa afisa wa mradi, gari, mshauri wa tathmini, na warsha mbili hotelini. Kinachokabidhiwa vikundi, tuseme, ni 1,500,000 kwa vikundi vitatu, 500,000 kila kimoja, kwa awamu tatu, na mkataba wa kikundi unasema asilimia ya uendeshaji ni sifuri kwa kuwa «wanajitolea». Mfuko unaandika katika ripoti yake kwamba umewekeza milioni 10 mashinani.

Hatusemi mashirika ya kati hayana kazi. Yapo yanayobeba mzigo ambao kikundi cha Ndau hakiwezi kuubeba: sheria za fedha za nchi yenu, benki, ukaguzi mkubwa, mawakili. Tunataka mambo mawili tu kwao. Kwanza, kila mkataba uonyeshe wazi mfuko ulitoa kiasi gani na kila mkono ulibakisha kiasi gani, na nakala yake kikundi kipewe. Pili, asilimia ya uendeshaji iliyolipwa shirika la kati, kikundi nacho kilipwe, ile ile. Kama ofisi ya mjini inahitaji kodi na umeme, na chumba cha Faza kinahitaji. Mwaka 2016 huko Istanbul wafadhili wakubwa wa misaada ya dharura walikubaliana kwamba ifikapo 2020 asilimia 25 ya fedha zao zitafika kwa wenyeji kwa njia iliyo fupi kadiri iwezekanavyo. Mwaka 2020 ulipita lengo halijatimia. Ahadi isiyoandikwa katika mkataba wa chini kabisa hupotelea katika mikono ya juu.

Tuje kwenye karatasi. Tunaambiwa mara nyingi kwamba sheria ya Marekani ndiyo inayowabana. Tumejifunza inataka nini. Mfuko binafsi wa Marekani unaompa fedha mtu asiyesajiliwa huko kama shirika la hisani unatakiwa, kwa ufupi, kumchunguza kabla ya kutoa, kuandikiana naye mkataba unaotaja matumizi na yaliyokatazwa, kupokea ripoti za matumizi kila mwaka, na kuitaarifu mamlaka ya kodi. Haitaji popote hesabu za miaka mitatu zilizokaguliwa na kampuni, wala sera 14 zilizoandikwa kwa Kiingereza. Hizo mmeongeza nyinyi. Mlichoongeza mnaweza kukipunguza.

Na upande wa Kenya, Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022 inatambua kikundi cha watu kuanzia 10, kinachosajiliwa katika ofisi ya maendeleo ya jamii. Tangu Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013 ilipoanza kutumika tarehe 14 Mei 2024, baadhi ya maafisa wamekuwa wakitudai cheti cha sheria hiyo pia. Kikundi cha kijiji hakikihitaji ili kipokee ruzuku ndogo, na kukitafuta ni miezi ya kwenda na kurudi Nairobi. Benki nazo zimekaza zaidi masharti baada ya Kenya kuwekwa katika orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu juu ya fedha haramu, Februari 2024. Kubadilisha saini moja ya akaunti hutaka kumbukumbu za mkutano, cheti, na watia saini wote kufika tawini wenyewe. Mzee wa Kiunga akifariki, akaunti husimama hadi hayo yote yatimie. Kwa hiyo vikundi visajili watia saini wanne, wawili kati yao watoshe kutoa fedha, na angalau wawili wawe wakazi wa karibu na benki.

Pendekezo letu juu ya ukaguzi wa awali ni faili moja. Cheti cha usajili, katiba ya kikundi, PIN ya kodi, barua ya benki, majina ya viongozi, kumbukumbu za mkutano mkuu wa mwisho, na hesabu za mwaka zilizosomwa mbele ya wanachama. Nyaraka saba. Mfuko wa kwanza uzihakiki, na mifuko mingine iukubali uhakiki huo kwa miaka miwili. Kwa sasa katibu mmoja hujibu maswali yale yale kwa wafadhili wanne katika fomu nne, na kila fomu ina tovuti yake inayojifunga mtandao wa simu ukikatika.

Risiti ndizo zinazotutia aibu bure. Afisa anataka risiti ya eTIMS, ile ya kielektroniki ya mamlaka ya kodi, kwa kila matumizi. Mwenye boti wa Mtangawanda hana. Mama aliyewapikia watu 40 pilau ya mkutano hana. Yanayotokea baada ya hapo mnayajua: mweka hazina mwaminifu anatafuta duka mjini litakalomwandikia risiti ya kitu ambacho hakikununuliwa pale, ili hesabu zikubalike. Kanuni iliyowekwa kuzuia udanganyifu imemfundisha mtu mwema kudanganya. Sisi tunajua namna iliyo bora, na tunaitumia kwa michango yetu wenyewe. Kila malipo hupitia M-Pesa ya kikundi. Kila malipo yana vocha yenye tarehe, kazi iliyofanywa, jina na sahihi ya aliyelipwa, na nambari ya ujumbe wa M-Pesa. Wanachama wawili wasio viongozi wanashuhudia. Mwisho wa mwezi taarifa ya matumizi ya M-Pesa inachukuliwa na kulinganishwa na vocha, moja moja, na tofauti yoyote inaandikwa katika kitabu kabla ya wiki kwisha. Muamala mmoja hauzidi shilingi 250,000, na hicho ni kikomo kinachotosha kwa kazi zetu. Kubalini utaratibu huo kwa malipo yote yaliyo chini ya shilingi 20,000, risiti za eTIMS zibaki kwa maduka na hoteli.

Kuna karatasi moja ambayo tunataka ife kabisa katika umbo lake la sasa: orodha ya mahudhurio. Kila mkutano tunatakiwa kuwaandikisha watu jina, kijiji, nambari ya kitambulisho, simu na sahihi, kisha kupiga picha karatasi hiyo na kuituma. Fikirini mkutano wa ardhi karibu na msitu wa Boni, mahali ambapo operesheni ya usalama imekuwapo tangu 2015, au mkutano unaopinga mradi ambao wakubwa wana hisa ndani yake. Karatasi hiyo inapita simu ya katibu, barua pepe ya shirika la kati, kompyuta ya mshauri. Ikiangukia mkono mbaya, ni orodha ya watu wa kutembelewa usiku. Kina mama wamekwisha kulielewa hili. Huandika majina yasiyo yao, au hukaa nje ya chumba wakisikiliza dirishani, na ripoti inasema wanawake hawakuhudhuria. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, nanyi mna sera zenu. Orodha ibaki kwa kikundi ndani ya kabati lenye kufuli. Kwenu iende idadi tu: wanawake wangapi, wanaume wangapi, kijiji gani. Afisa akitaka kuhakiki, aje aisome palepale bila kuinakili. Picha za nyuso tusiombwe.

Ripoti zenyewe tutasema kwa ufupi. Simu moja kila miezi sita, saa nzima, kwa Kiswahili, na afisa wenu ndiye aandike. Ujumbe wa sauti wa mzee wa Kibajuni akieleza kilichotokea baharini una mambo mengi kuliko jedwali la viashiria.

Sasa dharura. Katiba, Ibara ya 49, inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya kazi ya mahakama ikiwa saa hizo zimeishia nje ya muda wa kazi. Kwa mweka hazina maana yake ni kwamba fedha za dhamana zinatakiwa kesho asubuhi. Mfuko wa dharura unaotaka fomu, barua mbili za uthibitisho na wiki tatu si wa dharura. Fedha lazima ziwe hapa kabla mtu hajakamatwa.

Tunapendekeza shilingi 300,000 ziwekwe Amu, chini ya watu watatu kutoka vikundi tofauti, wawili kati yao wakikubaliana kwa simu fedha zitoke. Kikomo kwa mtu mmoja ni 50,000, isipokuwa wote watatu wakubali zaidi. Anayethibitisha anapiga simu mbili: kwa jamaa wa aliyekamatwa na kwa wakili au kituo. Fedha zinalipa dhamana taslimu, nauli ya wakili, chakula na dawa za aliye rumande, na usiku wa kulala kwengine kwa familia iliyotishwa. Ndani ya siku saba taarifa ya ukurasa mmoja inakuja kwenu. Ndani ya siku kumi mnajaza pengo.

Haya ndiyo yanayoharibika, na tunayaandika ili yasirudiwe. La kwanza ni jina katika risiti ya mahakama. Dhamana taslimu hurudishwa kesi ikiisha, na hurudishwa kwa aliyeiweka. Binamu wa mshtakiwa akiandikwa yeye, fedha hizo zimekuwa zake. Aandikwe mweka hazina wa mfuko, na risiti halisi ihifadhiwe pamoja na nakala yake, kwa sababu kesi huchukua miaka na wino wa risiti hufifia. La pili ni huruma. Mweka hazina anaishi mtaani. Jirani akifiwa, au mtoto akihitaji kupelekwa hospitali Malindi, atagongewa mlango na watu wanaojua kwamba kwake kuna laki tatu. Hawezi kusema hapana kwa mdomo wake peke yake. Orodha ya matumizi yanayoruhusiwa ibandikwe ukutani, na maamuzi ya watu wawili yawe ndiyo ngao yake. La tatu ni kusahau baada ya mtu kutoka. Kesi inabaki, kutajwa kila mwezi kunabaki, na kijana anaposhindwa nauli ya kufika mahakamani hati ya kumkamata inatolewa na dhamana inapotea. Nauli za vikao vyote zihesabiwe tangu siku ya kwanza kuwa sehemu ya gharama ya dhamana.

Tumesema tutarudi kwenye akiba. Aprili 2015, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, serikali ilifunga akaunti za mashirika mawili ya haki za binadamu ya Mombasa, Haki Africa na MUHURI. Mahakama Kuu ikaamuru zifunguliwe Novemba mwaka ule. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa amri moja, na kufikia Julai shirika la USAID likawa limefungwa. Kikundi kinachopokea fedha kupitia mikono mitatu huwa cha mwisho kupata habari na cha kwanza kufunga mlango. Mikataba yenu mingi hukataza kuweka akiba: kisichotumika mwaka ukiisha kirudishwe. Basi Desemba watu wanakimbilia kufanya warsha isiyohitajika, na Februari hawana nauli. Ruhusuni asilimia 10 ya kila mwaka ibaki kwa kikundi, iandikwe katika hesabu kwa jina la akiba, ikue hadi kufikia gharama za miezi sita. Haiguswi ila kwa uamuzi wa mkutano mkuu.

Nani aamue nani apate? Kwa sasa anayeamua ni afisa ambaye ameona Amu mara moja, siku za tamasha. Kwa ruzuku ndogo, shilingi 100,000 hadi 500,000, tunaomba kamati ya watu tisa kutoka kaunti hii: kisiwa cha Pate wawili, Amu na Shela mmoja, Kiunga na visiwa vya kaskazini mmoja, jamii ya Waboni mmoja, Hindi na Mokowe mmoja, Mpeketoni mmoja, Witu mmoja, na mtu mmoja mwenye ulemavu kutoka popote. Wanawake wasipungue wanne. Kipindi ni miaka miwili, hakirudiwi. Mwanakamati ambaye kikundi chake kimeomba hutoka chumbani, na kutoka kwake kuandikwe. Majibu yatoke ndani ya siku 21, na aliyekataliwa apewe sababu kwa maneno. Hatari tunaijua: wanasiasa. Uchaguzi ni Agosti 2027, na kuanzia miezi sita kabla, kila kikundi kilichozaliwa jana kitaleta ombi. Kamati isipokee kikundi kilicho chini ya mwaka mmoja, na mwenye kugombea kiti, au ndugu yake wa nyumba moja, asikae ndani yake.

Wanakamati walipwe ujira wa siku walizosoma maombi, na nauli. Hapa tuseme jambo ambalo wengine wetu hawatalipenda. Posho za kukaa kitako, ambazo miradi imezileta kwa miaka mingi, zimeharibu mikutano yetu. Watu wamezoea kuuliza kwanza kuna bahasha kiasi gani, na mkutano wa kisima cha kijiji chao wenyewe, usio na mfadhili, unakosa watu. Rudisheni nauli, toeni chakula, lipeni kikamilifu kila anayefanya kazi. Anayekuja kusikiliza habari za ardhi yake asilipwe kwa kukaa. Mkiacha wote kwa pamoja, mwaka mmoja utakuwa mgumu kisha mikutano itarudi mikononi mwa wenyewe. Mkiacha mmoja mmoja, aliyeacha ataonekana bahili na vyumba vyake vitabaki vitupu.

Mkataba wenu ujao tuleteeni ungali rasimu, kwa Kiswahili, siku 14 kabla ya kutiwa saini. Tutausoma kwa sauti katika mkutano wa kikundi, kifungu kwa kifungu, na majibu yetu tutayaandika pembeni.

Wasalaam,

Makatibu na waweka hazina wa vikundi vya kijamii, Kaunti ya Lamu